UZI: Regina Ghazaryan, mchoraji wa Armenia aliyefukia ardhini maandishi ya mshairi Charents ili yasiangukie mikononi mwa polisi wa Stalin

Msomaji wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu tumeshazungumza sana kuhusu waandishi walioteswa na dola zao: nani alifungwa, nani alikimbia, nani alifia gerezani. Leo naomba tumzungumzie mtu wa upande wa pili, yule anayebaki na karatasi mkononi mshairi akishachukuliwa. Anaitwa Regina Ghazaryan, mchoraji wa Yerevan, aliyezaliwa 1915 na kufariki 1999. Bila yeye, mashairi mengi ya mwisho ya Yeghishe Charents yasingekuwepo.

Nianze na mshairi. Charents alizaliwa Machi 1897 mjini Kars, wakati huo ukiwa chini ya Urusi ya Tsar. Leo mji huo uko Uturuki. Jina lake la ukoo ni Soghomonian, watu wa biashara ya mazulia wenye asili ya Maku, Uajemi. Mwaka 1915, akiwa na miaka 18, alijiunga na vikosi vya Waarmenia wa kujitolea na kuelekea Van, wakati watu wake wanauawa kwa halaiki ndani ya milki ya Osmani. Aliyoyaona huko aliyaandika kwenye shairi refu alilolipa jina la Dante, yule mshairi wa Italia aliyesimulia safari ya jehanamu, maana njia aliyopita ilikuwa ya jehanamu. Miaka mitatu baadaye yuko Jeshi Jekundu, jeshi la mapinduzi ya Kikomunisti ya Urusi. Aliamini mapinduzi kwa dhati kabisa. Kwake yalikuwa tumaini lililobaki kwa taifa lililochinjwa. Mashairi yake ya miaka ile yamejaa moto, jua na umati wa watu barabarani. Na ni huyuhuyu aliyeandika, mwanzoni mwa miaka ya 1920, shairi la kuipenda Armenia ambalo hadi leo Waarmenia wanaliimba kwa ghibu.

Kisha imani ile ikaanza kupata nyufa. Mwaka 1933 kitabu chake kikubwa cha mwisho kilichapwa kikazuiwa kutoka, na kilipotoka 1934 kilikuwa kimenyofolewa sehemu. Wakaguzi walikuwa wamekisoma mstari kwa mstari, na bado kuna kitu kiliwapita. Kwenye shairi moja humo ndani, ukichukua herufi ya pili ya kila mstari ukashuka nazo kutoka juu hadi chini, unapata sentensi kamili: "Ewe taifa la Armenia, wokovu wako pekee umo katika nguvu yako ya pamoja." Mtu anayeandika hivyo ameshajua kwamba nyumba ina masikio.

Nitaendelea, kuna mengi.

---

Chuma cha Reli

Mkuu nimekaa mkao wa kula. Herufi ya pili! Sisi tumezoea ile ya herufi za mwanzo wa beti, ambayo hata mwalimu wa shule anaigundua.

---

Msomaji wa Pwani

Ndiyo hivyo mkuu. Angetumia herufi za mwanzo wangemkamata siku hiyohiyo.

Tuendelee. Julai 1936 Aghasi Khanjian, Katibu wa Kwanza wa Chama cha Kikomunisti Armenia, alikufa kwa risasi huko Tbilisi alikokuwa ameitwa na Beria, mtu mkubwa wa Stalin katika Kaukazi. Ilitangazwa kwamba amejiua. Khanjian alikuwa kinga ya waandishi wengi wa Yerevan, na alipoondoka yeye, kinga nayo ikaondoka. Charents akamwandikia soneti saba (mashairi ya mistari kumi na minne) za maombolezo, jambo ambalo peke yake lilitosha kumpeleka mtu kaburini. Mwandishi mwenzake mkubwa, Axel Bakunts, alikamatwa mwaka huohuo, na Julai 1937 akapigwa risasi. Charents mwenyewe alizuiwa nyumbani kwake, akiwa mgonjwa na mtumwa wa mofini, dawa ya kutuliza maumivu, na bado anaandika. Anaandika usiku na mchana vitu ambavyo hakuna mchapaji angevigusa.

Mwishoni mwa Julai 1937 walikuja kumchukua. Tarehe 27 Novemba mwaka huo alifariki akiwa mfungwa, umri miaka 40. Kaburi lake halijulikani mpaka leo. Vitabu vyake viliondolewa maktaba, na kutaja jina lake hadharani ikawa hatari.

Sasa Regina. Alifahamiana na Charents mwaka 1930, akiwa msichana wa miaka 15 hivi, na urafiki wao ukadumu mpaka mwisho. Mshairi alipokuwa ndani, miswada yake ilipelekwa kwa Regina kwa matakwa yake mwenyewe, kupitia mkewe Izabella. Regina akaichukua, akaifukia ardhini, akanyamaza.

Fikirini umri wake: miaka 22. Hakuwa na cheo wala chama cha kumtetea. Na dola aliyokuwa anaificha karatasi ile ilikuwa haina mchezo. Tarehe 30 Julai 1937, siku chache tu baada ya Charents kukamatwa, polisi wa siri walitoa amri namba 00447 iliyopanga kwa idadi, mkoa kwa mkoa, watu wangapi wapigwe risasi na wangapi wapelekwe kambini. Mnasoma vizuri: idadi ilitangulia, majina yakafuata. Tarehe 15 Agosti ikaja nyingine, namba 00486, ya kuwakamata wake wa "wasaliti" na kuwapeleka watoto wao kwenye vituo vya yatima. Mwanamke kijana anayekutwa na soneti za kumlilia Khanjian kwa mwandiko wa Charents angejitetea vipi? Hapakuwa na utetezi.

---

Bi Rehani

Kaka Msomaji, ahsante kwa uzi. Ila nina neno. Kila niliposoma habari hizi naona Izabella anatajwa kwa mstari mmoja tu, "mkewe". Yeye ndiye aliyekuwa na watoto wawili wa kike ndani ya nyumba iliyokwisha pekuliwa, mume yuko gerezani, na bado akahangaika karatasi zitoke. Angeweza kuzitia jikoni zikawa majivu na hakuna ambaye angemlaumu. Mimi naona waliookoa ni wawili.

---

Msomaji wa Pwani

Dada yangu, umesema jambo la haki na naliunga mkono kwa mikono miwili. Izabella alilipa vibaya sana: naye alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kazakhstan. Wale mabinti, Arpenik na Anahit, walikua bila baba na wakatenganishwa na mama. Anahit alipokuwa mtu mzima alizifanyia kazi karatasi za baba yake, na mwaka 1983 ukatoka mkusanyo mnene wa kazi ambazo hazikuwahi kuchapwa au zilikuwa zimetawanyika. Mke alizitoa, rafiki akazificha, mtoto akazichapa. Mnyororo ule ulishikwa na wanawake.

Nikiutazama mnyororo huo naona pia kwa nini pete ya katikati ilipaswa kuwa Regina. Izabella asingeweza kuzitunza, alikuwa mke na amri ya Agosti ilimlenga yeye. Waandishi wenzake wasingeweza: wengine walishakamatwa, wengine walikuwa wanasimama mikutanoni kumlaani ili wao wapone. Kilichobaki ni mtu ambaye macho ya polisi hayakuwa juu yake sana, na ambaye mshairi alimjua kwa miaka 7 kwamba hasemi hovyo. Naamini Charents alimchagua kwa akili ileile aliyotumia kupanga herufi za pili.

---

Malenga Mdogo

Mkuu samahani kama naharibu. Huyu Charents si alikuwa mkomunisti mwenyewe? Aliwaimbia hao hao, akamsifu Lenin kwa tenzi nzima. Sasa walipomgeukia tumlilie? Na huyo dada ahatarishe maisha kwa karatasi za mtu aliyejenga nyumba iliyomwangukia?

---

Msomaji wa Pwani

Hujaharibu, hapo ndipo penye moyo wa uzi wangu.

Kweli alimwimbia Lenin, tena mara nyingi. Na angekuwa ameacha mashairi hayo tu, leo tungemsoma kama ulivyomsema: mshairi wa mapinduzi aliyeliwa na mapinduzi. Serikali yenyewe ilipokuja kumsafisha jina katikati ya miaka ya 1950 ilimrudisha kwa sura hiyo, mshairi wa Kisovieti aliyeonewa. Mashairi ya moto na umati yalikuwa yameshachapwa zamani na hayakuhitaji mtu wa kuyaficha.

Kilichokuwa ardhini ni Charents mwingine. Ni mtu wa miaka ya 1934 hadi 1937, aliyerudi kwenye zaburi, kwenye nyimbo za kale za kanisa la Armenia, kwenye swali la nini kitabaki na taifa dogo lililomezwa na dola kubwa. Humo mna utenzi wa maombolezo ya Komitas. Komitas alikuwa padri na mwanamuziki aliyezunguka vijijini kukusanya nyimbo za Waarmenia. Alikamatwa Istanbul usiku wa tarehe 24 Aprili 1915 pamoja na wasomi wengine, akanusurika kifo lakini akili yake haikupona tena. Alifariki Paris mwaka 1935 baada ya miaka mingi hospitalini, na 1936 mwili wake ukaletwa kuzikwa Yerevan. Charents, akiona wazi zamu yake inakaribia, akakaa chini kumwandikia huyo aliyerudi nyumbani akiwa maiti. Kwangu mimi ndiyo kazi yake kuu kuliko zote. Utenzi huo ni mmoja wa miswada iliyookolewa na Regina.

Kwa hiyo, Malenga, Regina aliokoa ushahidi kwamba mtu yule alibadilika, akaona, na akaandika alichokiona akijua bei yake. Bila karatasi zile hukumu yako ungeitoa ukiwa na nusu ya faili.

---

Malenga Mdogo

Hapo umenikamata mkuu. Nitamtafuta huyo wa mwisho.

---

Nyaraka na Mimi

Wakuu, kazi yangu ni kutunza nyaraka, hivyo niongezee upande wa karatasi yenyewe, maana watu husema "alifukia" kama vile amefukia dhahabu.

Karatasi za viwandani za miaka ile nyingi zilitengenezwa kwa rojo ya mbao na zina asidi ndani yake, zinajila zenyewe hata kabatini. Ukiziweka ardhini unaongeza unyevu. Unyevu unaleta kuvu, kuvu inakula gundi na nyuzi, kurasa zinagandana. Wino ukiwa wa maji unasambaa mpaka herufi hazisomeki. Penseli inavumilia zaidi. Kisha kuna wadudu na panya. Yerevan ina hali ya hewa kavu, hilo ni la heri, lakini majira ya baridi kuna theluji, na theluji ikiyeyuka maji yanazama ardhini. Nisemalo ni kwamba kufukia si jambo la siku moja halafu ukalala. Mtu anayefukia karatasi ana wasiwasi kila mvua inaponyesha, na hana fundi wa kumuuliza. Maandishi kutoka humo yakisomeka ni jambo la kumshukuru Mungu.

---

Msomaji wa Pwani

Ubarikiwe mkuu, hili sikuwa na ujuzi wa kulieleza.

Na kwa kuwa umetaja muda: kutoka kukamatwa kwa Charents hadi kifo cha Stalin, Machi 1953, ni karibu miaka 16. Katikati hapo kuna vita kuu nzima. Regina hakujua kwamba itakuwa miaka 16. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa ingeweza kuwa miaka 50 au milele. Alikuwa pia amejifunza urubani, halafu akaingia kwenye uchoraji, akaishi maisha yake, akazeeka akiwa msanii mwenye heshima katika nchi yake. Hilo nalitilia mkazo kwa sababu makala nyingi zinamtaja kama mlinzi wa karatasi basi. Alikuwa msanii kamili.

---

Chuma cha Reli

Swali: nani alianza kumsafisha jina Charents? Maana katika nchi za namna hiyo hakuna anayejitokeza wa kwanza.

---

Msomaji wa Pwani

Hapa pana jambo linaloniuma kila nikilifikiria.

Aliyejitokeza wa kwanza ni Anastas Mikoyan, Mwarmenia aliyekuwa kwenye uongozi wa juu kabisa Moscow. Tarehe 11 Machi 1954 alihutubia Yerevan na kutaka Charents arudishiwe heshima yake. Hiyo ni karibu miaka miwili kabla ya hotuba ya siri ya Februari 1956 ambayo Khrushchev, kiongozi aliyekuja baada ya Stalin, alimlaani Stalin. Waliokuwepo waliona mlango umefunguka. Mwaka 1955 mshairi akasafishwa rasmi.

Lakini Mikoyan huyohuyo ndiye aliyetumwa Yerevan Septemba 1937, pamoja na Malenkov, kiongozi mwingine wa chama kutoka Moscow, kusimamia fagiafagia ya kukamata na kuua watu, na kutoka huko waliomba Moscow waongezewe idadi ya watu wa kupigwa risasi. Charents alikuwa bado hai gerezani wakati ujumbe huo uko mjini. Sijui niseme nini juu ya mtu kama huyo. Hotuba yake iliwasaidia watu wengi walio hai, nakubali. Ila ninapoulizwa nani alimrudisha Charents, jina la kwanza ninalotaja ni la yule aliyekuwa na karatasi, maana kiongozi anaweza kurudisha jina kwa hotuba, mashairi hawezi.

Regina alizitoa, na leo ziko kwenye jumba la makumbusho ya fasihi na sanaa la Yerevan, ambalo lenyewe linaitwa kwa jina la Charents.

---

Bi Rehani

Nimefika Yerevan miaka ya nyuma kwa mambo ya kazi. Nyumba aliyoishi miaka yake ya mwisho iko barabara kubwa ya Mashtots, sasa ni makumbusho. Wenyeji walinipeleka pia kwenye tao la mawe njia ya kwenda Garni, linaitwa Tao la Charents, limejengwa 1957. Unasimama chini yake unauona mlima Ararat wote, na juu wameandika maneno yake kwamba zunguka dunia nzima, hutapata kilele cheupe kama Ararat. Mlima wenyewe uko ng'ambo ya mpaka, Uturuki. Kuna mji mzima umeitwa Charentsavan, na noti ya dram 1,000 ya kabla ya 2018 ilikuwa na picha yake. Kumbukumbu ya Regina nilimuuliza mwenyeji wangu, mama mtu mzima, akanisimulia habari zake papo hapo bila kufikiri. Kwa hiyo wanamjua.

---

Malenga Mdogo

Nimekuwa nasoma tangu jana. Kumbe zama zile wapo wengi waliofanya hivyo? Nimekuta habari za Mandelstam.

---

Msomaji wa Pwani

Wapo, na wengine hawakufanikiwa. Osip Mandelstam, mshairi wa Kirusi, alitembelea Armenia 1930 na kuiandikia mashairi, na alikutana na Charents uso kwa uso. Alikufa Desemba 1938 kwenye kambi ya kupitishia wafungwa karibu na Vladivostok. Mkewe Nadezhda aliyahifadhi mashairi yake kichwani, akiyarudia kimoyomoyo kwa miaka. Daftari za Voronezh, yaani mashairi aliyoandika akiwa uhamishoni katika mji huo, zilitunzwa na mwalimu kijana, Natalya Shtempel. Lakini fungu jingine la karatasi alikabidhiwa Sergei Rudakov, kijana aliyempenda mshairi sana. Yeye akafa vitani 1944 na karatasi zile hazikurudi. Isaac Babel, mwandishi wa hadithi, alikamatwa 1939, miswada yake ikabebwa na polisi, mpaka leo haijaonekana.

Ndiyo maana sikubali mtu akisema "kazi nzuri haipotei". Inapotea. Ya Babel imepotea. Ya Charents haikupotea kwa sababu kuna mtu alikubali kuibeba.

---

Chuma cha Reli

Hata kwetu yupo Abdilatif Abdalla. Mashairi yake ya kifungoni, 1969 hadi 1972, aliyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, na 1973 yakachapwa *Sauti ya Dhiki*. Tumeyasoma shuleni bila hata mwalimu kutuuliza yalitokaje mle ndani.

---

Msomaji wa Pwani

Mfano sahihi kabisa, mkuu. Tofauti ni kwamba Abdilatif alitoka akiwa hai na akaendelea kusema mwenyewe. Charents hakuwa na nafasi hiyo, kila kitu kilibaki juu ya uaminifu wa mtu mwingine.

---

Nyaraka na Mimi

Tunampata kwa lugha gani mkuu? Kiarmenia hatukijui.

---

Msomaji wa Pwani

Kwa Kirusi zipo tafsiri nyingi, na miongoni mwa waliomtafsiri ni Anna Akhmatova, ambaye naye mashairi yake ya miaka ile yalitunzwa vichwani mwa marafiki. Kwa Kiingereza kuna mkusanyo wa mwaka 1986 uliofanywa na Diana Der Hovanessian na Marzbed Margossian; ukiupata anza nao. Soma kwanza lile la kuipenda Armenia, ujue sauti yake ya ujana, kisha ruka moja kwa moja hadi utenzi wa Komitas. Mimi nimeanza kutafsiri vipande vya Komitas kwa Kiswahili, kupitia Kiingereza na kwa kuuliza wanaojua Kiarmenia. Nikimaliza sehemu ya kwanza nitaiweka hapahapa, na Malenga Mdogo nakuomba uwe wa kwanza kuikagua mizani.

---

Malenga Mdogo

Ilete mkuu. Nipo.